Kichanja na Ndugu Zake

Mche wa mkarafuu ukiwa mchanga hauliwezi jua. Mwenye kitalu analijua hilo kabla mbegu haijaingia udongoni, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni ya miti na kamba. Huchimbia vijiti vya panda pande mbili za tuta, hulaza miti mirefu juu ya zile panda, hukatiza fito juu yake, kisha hutandaza makuti. Chini hubaki uwazi wa kumtosha mtu kuinama na kopo la maji. Jua la mchana likipiga, mwanga unashuka umekatikakatika, na miche inakua katika hali ambayo si jua wala si giza.

Siku moja nilikuwa Pemba mbele ya kitalu cha namna hiyo, daftari mkononi. Nilikuwa nimepewa kazi ya kupitia lugha ya kijitabu cha wakulima, na kwenye ukurasa wenye mchoro wa kitu hiki palikuwa na maelezo niliyoyaandika mwenyewe mjini, nikiwa mezani: "muundo wa kushikilia makuti kwa ajili ya kivuli." Maneno manane. Nikamsomea bibi mwenye kitalu ili nijue kama yanaeleweka.

"Ndo nini hicho, mwanangu?"

"Ni hiki hapa, bibi. Hiki kilichobeba makuti."

Alikitazama, kisha akanitazama mimi. "Hiki kichanja," akasema, akarudi kwenye kopo lake.

Neno lenyewe nilikuwa nalo tangu utotoni. Nyuma ya jiko la nyumbani palikuwa na kichanja cha kuanikia vyombo: nguzo nne, fito juu yake, sufuria zimefudikizwa zikichuruzika maji. Mabwana na mabibi afya wamezihimiza kaya kuwa na vichanja vya vyombo kwa miaka mingi, na neno limepanda nao hadi bara, kwa watu wasiokuwa na mnazi hata mmoja. Wavuvi wana chanja za kukaushia samaki. Mchoma nyama wa shamba hupanga vijiti vibichi juu ya moto, navyo ni chanja. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba makuti nayo yanaweza kuwekwa juu ya chanja kama samaki au sufuria. Kwa macho yangu, makuti yakiwa juu ya miti basi hilo ni paa, na kama si paa kamili ni kitu cha kuelezewa kwa maneno manane. Kwa macho ya bibi, makuti yalikuwa yameanikwa tu pale juu, na siku yoyote yangeondolewa.

Na kweli huondolewa. Miche ikishapata nguvu, mwenye kitalu huanza kuyapunguza makuti, leo moja, wiki ijayo mawili, ili jua liingie kidogo kidogo na mche uzoee. Inapokaribia kuhamishiwa shambani, inakuwa imekwisha kulizoea jua lote. Paa la nyumba hakuna anayelipunguza hivyo. Paa huezekwa, na likiharibika huezuliwa, na kati ya vitenzi hivyo viwili hakuna nafasi ya katikati. Upepo ukiezua nyumba, watu hupiga mayowe. Makuti ya kichanja yakipeperushwa, huokotwa yakarudishwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niyaangalie upya maneno yetu yote ya miti iliyosimamishwa ili ibebe kitu. Ni mengi, na kwa mtu asiyeishi nayo yanaonekana kama yanarudiana. Chanja, kichanja, dungu, ulingo, jukwaa, kibanda, banda, upenu. Nguzo za vitu hivi vyote zinaweza kukatwa kichaka kimoja, zikafungwa kwa kamba ileile, na fundi yuleyule. Kinachobadili jina ni mwili wa mtu uko wapi. Ukiweka kitu juu yake wewe ukabaki chini, ni kichanja. Ukiingia ndani, ni kibanda. Ukipanda juu, ni dungu au ulingo. Ukijibanza pembeni, kwenye kivuli kilichorefushwa kutoka ukingo wa paa la nyumba, ni upenu. Na ndiyo sababu kitu kinaweza kubadilika jina bila kuguswa: leta mkeka, tandika chini ya kile kichanja cha makuti, kaa uanze kusuka ukili, na majirani watakuja kukuuliza umejenga kibanda lini.

Dungu na ulingo nimeyataja kwa haraka, na hayastahili haraka. Mpunga unapokomaa, ndege huja kwa makundi, na shamba huhitaji mtu wa kuamia. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege, na ni kitenzi ambacho watoto wengi wa mjini hawajapata kukisikia. Mlinzi hukaa juu, kwenye jukwaa la miti lenye kijipaa cha makuti au nyasi, akiwa na kombeo na debe la kupigia. Kutoka pale huliona shamba lote, na shamba lote humwona. Huenda ni kule kuonekana kulikolitoa neno ulingo shambani likaenda mjini. Leo mabondia wanapanda ulingoni na wanasiasa wana ulingo wao wa siasa. Jukwaa limefanya safari kama hiyo: lilikuwa miti ya kupandia, sasa ni mahali pa mwigizaji na mahali pa mjadala. Kiunzi, ile miti inayosimama kabla chombo hakijapigwa mbao na nyumba haijakandikwa, kimekuwa kiunzi cha mifupa katika vitabu vya baiolojia, na wanariadha wanaruka viunzi. Yote haya yametoka kwenye kitu kimoja, miti iliyosimamishwa na mtu mwenye panga na kamba.

Hata jani lenyewe lina msamiati wa kutosha kuijaza siku nzima. Tunasema makuti kana kwamba ni kitu kimoja. Mjenzi hanunui "makuti" tu. Kuna makuti ya viungo, ambayo vijani vyake vimeondolewa kwenye uti wa jani, vikakunjwa juu ya kijiti na kushonewa mfululizo hadi vikawa kama pazia gumu. Haya ndiyo ya kuezekea, yanapangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ya chini yake ili maji yateleze. Kuna makuti ya kumba, yaliyosukwa vijani vyake vikiwa bado kwenye uti, ambayo huzungushiwa nyua na vyoo. Kuna kuti la pande, lililopasuliwa kwa urefu. Kwa kichanja cha kivuli hayo ya kushonwa hayana kazi, ni kuipoteza bure jioni nzima ya mwanamke aliyeyashona. Kuti zima linatosha, hata bichi. Na likishakauka kabisa na kunyauka, linatolewa chelewa za ufagio.

Kitu cha kufungia ni usumba, kamba inayotoka kwenye makumbi ya nazi. Ukienda vijiji vya kusini mwa Unguja wakati maji yametoka, utawaona wanawake ufukweni wakifukua makumbi waliyoyazika kwenye tope miezi kadhaa nyuma, wakiyaponda kwa magongo mpaka nyuzi ziachane, kisha wakizisokota kamba kwa viganja. Kwa hiyo mnazi mmoja unatoa kivuli na pia kamba ya kukifungia kivuli hicho. Msumari unaweza kukosekana kabisa. Nimeona paa la banda kubwa la mashua ambalo chuma pekee kilikuwa panga la fundi, na panga aliondoka nalo.

Juu ya nguzo ndipo maneno yanapokuwa matamu zaidi, na ndipo yanapotupotea. Mti mrefu unaolazwa juu ya nguzo huitwa mwamba. Kiswahili kina mwamba wa aina tatu: huu, ule wa baharini unaopasua vyombo, na yule mwamba ngoma wa methali, avutiaye kwake. Kuna mti unaolala juu pale ambapo ukuta na paa vinakutana, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika kirahisi, na jina lake ni mtambaapanya. Aliyelitunga jina hilo alilala chali usiku akasikiliza. Miti inayopanda kutoka huko hadi kileleni ni makombamoyo, neno lenye moyo ndani yake, na kila mara ninapolitamka mbele ya vijana wananiuliza kama ni ugonjwa. Juu ya makombamoyo hupita pau, na makuti hufungwa kwenye pau. Paa likikamilika lina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, ndiyo miteremko mikubwa miwili, na pembeni lina visusi, miteremko mifupi ya kuziba ncha. Kamusi za karne ya 19, za wamisionari kina Krapf na Steere, ziliyajali maneno ya ujenzi kama haya kwa sababu wale wageni walilala chini ya mapaa hayo, wakainua macho na kuuliza hiki ni nini, na kile je. Sisi tuliozaliwa chini yake tulidhani hatuna haja ya kuuliza.

Muulize leo mwanafunzi wa ujenzi, atakwambia "ule mti wa juu". Ukimbana, atakupa jina la Kiingereza, nalo ni la paa la bati na mbao za msonobari. Hana kosa. Alifundishwa paa la bati. Linaloniuma ni kwamba chuo kingeweza kumfundisha kwamba mbao ile ya mteremko ina jina lililoizidi umri shule yenyewe, nalo ni kombamoyo, na jina lingehamia kwenye mbao bila shida kama ulingo ulivyohamia kwa mabondia.

Kuna mahali pamoja ambapo maneno haya hayakupotea, nako ni sokoni. Miti ya mikoko inayokatwa Lamu na kwenye delta ya Rufiji huuzwa kwa unene, na madaraja ya unene yanaitwa kwa majina ya kazi: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mnunuzi hahitaji kutaja sentimita. Akisema pau, muuzaji anajua ni mti wa kipenyo cha sentimita 4 na kidogo kuendelea, usiofika 8. Boriti inaanzia kama 11 na nusu. Neno ambalo kwa fundi ni mahali pa mti kwenye paa, kwa mchuuzi ni kipimo, na kwa maafisa wa misitu limeingia hivyohivyo kwenye maandishi yao ya Kiingereza, bila kutafsiriwa. Ni istilahi iliyofanikiwa kuliko nyingi zilizopitishwa na vikao, na hakuna kikao kilichoipitisha.

Boriti hizo zilisafiri. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni miti ya mikoko kwenda Omani, Ghuba na kwingineko Uarabuni, ambako miti mirefu iliyonyooka ni adimu na ambako mafundi waliiita chandal. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuza miti hiyo nje mwaka 1982. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba. Ingia nyumba ya kale ya mawe Lamu au Mji Mkongwe na utaona chumba kirefu, chembamba, upana wake haupiti sana mita 3, kwa kuwa dari lilishikwa na boriti na boriti ndivyo ilivyo. Vyumba vya kale vya Ghuba vina wembamba huohuo, kwa sababu hiyohiyo.

Lakini wenyeji wa Ghuba walikuwa na kivuli chao kabla ya boriti zetu, cha mtende. Pwani ya Batinah, kaskazini mwa Omani, watu waliishi katika nyumba za makuti ya mtende, hasa wakati wa joto: mapaneli ya makuti yaliyofungwa pamoja, yakasimamishwa kuwa kuta na kulazwa kuwa kivuli, upepo wa bahari ukipita katikati ya vijiti. Jina lake ni arish, kwa ain. Ndugu zetu wengi wa Muscat na Sohar wanaozungumza Kiswahili nyumbani wanalijua neno hilo kwa Kiarabu tu, na kwa Kiswahili wakisema, watasema kibanda cha makuti. Arish ni neno pana. Ni hicho kibanda, na pia ni chanja ya kupandishia mzabibu. Qurani katika Sura Al-An'am, aya ya 141, inataja bustani zilizotambazwa juu ya vitu hivyo na zisizotambazwa, kwa neno la mzizi huo, na katika Sura An-Nahl, aya ya 68, nyuki anaelekezwa kufanya nyumba milimani, mitini na katika vile wanavyovijenga watu, kwa mzizi huohuo tena. Mji wa Al-Arish kule Sinai, nchini Misri, jina lake ni neno hilohilo.

Kisha kuna habari mbili ambazo kila aliyesoma sira anazijua, ila pengine hakuliangalia neno. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walimjengea Mtume arish ya kukaa, na mahali hapo leo pana msikiti unaoitwa Masjid al-Arish. Na msikiti wake wa Madina ulikuwa na nguzo za magogo ya mitende na juu yake makuti ya mitende. Abu Said al-Khudri anasimulia usiku mmoja wa Ramadhani, usiku wa ishirini na moja, mvua iliponyesha na msikiti ukavuja, kwa sababu ulikuwa arish, na kulipokucha athari ya maji na tope ilionekana kwenye paji la uso la Mtume. Niliisoma hadithi hiyo mara nyingi nikiona ndani yake unyenyekevu tu. Baada ya kitalu cha Pemba niliona na jambo la ujenzi: arish haikuwekwa pale kwa ajili ya mvua. Iliwekwa kwa ajili ya jua. Makuti yalikuwa yamelazwa juu ya miti, hayakuezekwa kwa mteremko wa kumwaga maji. Msimulizi alilisema neno moja, arish, na wasikilizaji wake wakajua moja kwa moja kwa nini msikiti ulivuja. Anayetafsiri kwa Kiswahili akiandika "paa la makuti" anampa msomaji wa pwani picha ya paa lililooza, kwa maana kwetu paa la makuti lililoezekwa vyema halivuji. Kichanja kingesema kweli yote.

Huenda mtu akaona neno hilo ni dogo mno kwa mahali patukufu kama pale. Namsihi autazame mzizi wenyewe ulikofika. Kutoka ain, ra na shin hizohizo zilizotoa arish imetoka Arshi, na Arshi tumeipokea katika Kiswahili ikiwa na utukufu wake wote. Hutajwa mimbarini, katika kasida na katika dua, na hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa ni nini. Kitu kilichoinuliwa. Kwa Kiarabu, fimbo za mzabibu na Kiti cha Enzi vinakutana kwenye tendo la kuinua. Kiswahili kilichukua la juu kabisa kikaliacha la chini, kwa sababu la chini kilikuwa nalo tayari.

Majina ya chini ndiyo yanayonishughulisha. Katika lugha ya kila siku makuti yana hali mbili tu, bichi na kavu, na kavu ndilo lenye umaarufu. Kuti kavu kuanguka si ajabu, wanasema wahenga. Kurasa za michezo za magazeti ya Dar es Salaam haziwezi kumaliza msimu bila kocha kukalia kuti kavu. Nina hakika nusu ya wasomaji wa kurasa hizo hawajawahi kusikia kishindo cha kuti kavu likiachana na mnazi alfajiri, ukarukwa na usingizi ukidhani ni mwizi. Msemo umewafikia bila mti, nao wameutumia vizuri, na huo ni uthibitisho kwamba neno la shambani haliogopi mji. Linachohitaji ni mtu wa kulibeba.

Watu wa Makunduchi, Unguja, wao hulibeba kwa moto. Kila Julai katika sherehe za Mwaka Kogwa hujengwa kibanda kidogo cha makuti, mtu huingia ndani, kibanda kikatiwa moto, naye akachomoka na kukimbia huku makuti yakiwaka. Moshi ukipanda, umati wote unashangilia. Wageni hupiga picha moto. Nilipokwenda mimi nilipendezwa zaidi na saa moja kabla yake, wazee walipokuwa wakikisimamisha. Hakuna aliyesema "lete kile". Kila kijiti kiliitwa kwa jina, na kijana aliyetumwa ufito hakuleta upau.

Hoteli za ufukweni nazo zimeyainua makuti upya. Kenya, neno makuti limeingia katika Kiingereza cha wenyeji na cha watalii, likitumika kwa paa la namna hiyo, na kwenye mchanga husimama miavuli ya makuti yenye nguzo moja katikati. Kila nikiiona nakumbuka kitendawili cha nyumba yangu ina nguzo moja, na jibu lake uyoga. Kwa hiyo kazi ya kuezeka haijafa, wala mafundi hawajaisha. Nimezungumza na mafundi wa makuti vijana wa miaka ishirini na kitu ambao mikono yao haina kasoro. Wanapimia kwa jicho, wanafunga fundo la usumba bila kuangalia. Lakini mwajiri wao anawaagiza kwa Kiingereza, na bei zao zinaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ile miti waliyoachiwa na babu zao inabaki haina jina mdomoni mwao. Mmoja aliniambia babu yake aliita kila kitu kwa jina, "ila sisi tunaelewana tu". Wanaelewana kwa sababu wamesimama karibu. Siku mmoja wao atakapotaka kumweleza mwanawe kwa simu, akiwa mbali na paa, ndipo atakapolitafuta neno.

Vyombo vyetu vya lugha vimefanya kazi kubwa ya istilahi za sheria, tiba na kompyuta, na kazi hiyo ilihitajika. BAKITA ipo tangu 1967, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, na chanja, kiunzi, dungu na kombamoyo si maneno mageni kwa watunga kamusi. Shida ni kwamba kamusi hulihifadhi neno moja moja, kwa alfabeti, mtambaapanya huku na pau kule, wakati fundi anayajua yote kwa pamoja, kwa mpangilio wa chini hadi juu, kwa sababu hivyo ndivyo paa linavyosimama. Tunachokikosa ni mchoro. Ukurasa mmoja wa kitabu cha shule ya msingi wenye nyumba ya makuti iliyovuliwa ngozi, na mshale kwenye kila mti na jina lake. Pembeni ya nyumba hiyo, kitalu cha mikarafuu na kichanja chake. Mtoto wa Kigoma ambaye kwao wanaezekea nyasi angejaza majina ya kwao kando, na mwalimu angejifunza.

Kile kijitabu cha wakulima kilichapishwa. Chini ya mchoro pameandikwa neno moja, kichanja, na sikulifafanua. Hakuna mkulima aliyeuliza maana yake.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyewahi kuezeka, mpelekee daftari wiki hii. Keti naye chini ya paa lolote la makuti lililo karibu, elekeza kidole juu, anza na nguzo, upande hadi kileleni, na uandike kila jina kama atakavyolitamka.